Karatasi ya Kola

Mimi simwamini mtu, na sioni aibu kulisema. Hata futi mpya ikiletwa dukani naipima kwanza kwenye rula ya chuma iliyopigiliwa mezani, maana futi za kitambaa huvutika, na futi iliyovutika itakudanganya siku nzima bila kupepesa. Wateja wananicheka. Wacheke tu, ila hakuna suruali niliyoikata mimi ikarudi kwa kubana kiuno.

Duka letu ni la ushonaji, chumba kimoja kirefu chini ya jengo la ghorofa tatu. Cherehani nne, meza moja ya kukatia, kioo kirefu chenye ufa pembeni, na pazia la kubadilishia nguo ambalo halijawahi kufunga sawasawa. Ni langu na la mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemtangulia miaka sita. Mimi nakata, yeye anapima na kupokea watu, ndiyo maana mtaa mzima unatuita Mkasi na Futi. Mkasi ni mimi. Tumekaa hivyo miaka kumi na tisa, mimi nyuma ya meza, yeye karibu na mlango na futi yake shingoni, na kila mkataba wa pango uliokuja ulikuwa na majina mawili na sahihi mbili. Nalitaja hilo mapema kwa sababu kilichonipata kilianzia kwenye majina hayo.

Ukitaka kumjua mdogo wangu, mtazame siku anapokuja bibi harusi. Bibi harusi anataka gauni la mgongo wazi, mama mkwe anataka lifunike mpaka kooni, bwana harusi yuko nje ndani ya gari anajifanya hawajui wote wawili. Ningekuwa mimi ningewatoa nje nikafunga mlango. Futi anawaketisha. Anampima mama mkwe naye, ingawa hakuja kushona kitu, na huku anampima anamwuliza alivaa nini siku yake. Nusu saa haiishi, wanatoka wameshikana mikono, na gauni lina mgongo wazi na mtandio wa lesi juu yake. Marehemu mama alikuwa akisema huyu mtoto anaweza kuwapatanisha paka na panya, na paka ndiye akaomba radhi.

Kabla ya duka alisomea ualimu, akafundisha miaka mitatu, akaacha. Kwa hiyo shahada ya kwanza alikuwa nayo, imetundikwa kwake juu ya friji. Mwaka juzi mhadhiri mmoja alikuja kuchukua suti, akakuta moja ya kesi hizo za mama mkwe, akasimama pembeni akaitazama mpaka mwisho. Akamwambia mdogo wangu, "Hiki unachokifanya kinasomewa, ujue." Wiki tatu baadaye Futi akaniwekea fomu mezani, juu ya kitambaa changu. Shahada ya uzamili ya majadiliano na usimamizi wa migogoro. Miaka miwili, kila Jumamosi na jioni mbili katikati ya wiki.

"Yaani kugombana kunasomewa?" nikamwuliza.

"Kugombana hatusomi, dada. Kumaliza ndiko tunakosoma."

"Na ukishamaliza kusoma utakuwa nani?"

"Nitakuwa yuleyule."

Yuleyule. Nikalishika neno hilo nikaliweka.

Haukupita mwezi wa pili akaanza kuongea kwa mtindo nisioujua. Nikisema vifungo vya mashati ya shule vimechelewa, ananirudishia, "Kwa hiyo unaona kwamba mwenye vifungo anatudharau."

"Sioni. Nasema."

"Nimekusikia."

"Umesikia nini?"

"Kwamba una wasiwasi na oda."

Nani kamwambia nina wasiwasi? Nilikuwa na hasira, na hasira yangu naijua vizuri, nimeishi nayo. Kisha akajifunza kunyamaza, na hilo ndilo lililonitia kiwewe. Zamani ukimkaripia anajibu, mnagombana dakika tano, mnakunywa chai yenu. Sasa ukimkaripia anakutazama tu, ametulia, mpaka wewe mwenyewe unaanza kujijibu. Mara mbili nilijikuta nimeanzisha ugomvi, nimeumaliza peke yangu na nimeomba radhi juu yake. Machale yakanicheza. Mtu anayeweza kukutoa radhi mdomoni bila kufungua wake si mtu wa kumpa mgongo.

Tuna fundi kwenye cherehani ya tatu, tunamwita Redio, kwa kuwa swichi yake ya kuzimia haijapatikana. Huyo ndiye aliyekuja kumwagia moto petroli.

"Mkasi," akaniambia siku moja huku anakata uzi kwa meno, "mtu hasomi mpaka uzamili halafu akarudi kushona zipu."

"Una maana gani?"

"Mimi sina maana. Ila binamu yangu alisoma hivyohivyo. Siku ya joho ndiyo siku aliyohama."

Binamu yake namjua. Alihama kwa sababu ya mume, joho halihusiki. Lakini siku hiyo sikulikumbuka hilo, au sikutaka.

Halafu ikaja ile Jumanne. Tunakunja mashati, duka limetulia, Futi akauliza bila kuinua macho, "Dada, kama siku moja mmoja wetu akitaka kutoka dukani, ungependa mwenzake aambiweje?"

Nikaacha shati nusu nimelikunja. "Kwa nini unauliza?"

"Nataka kujua tu."

Hakuna mtu anayetaka kujua tu. "Nisingependa kuambiwa," nikasema. "Ningependa asitoke."

Akatoa daftari lake la chuo akaandika kitu. Mbele yangu, kama daktari anavyoandika ugonjwa wako kwa mwandiko usiosomeka.

Siku mbili baadaye nilikuwa peke yangu mezani, yeye ameenda kuwapima walinzi wa benki sare zao. Nina mashati mia mbili ya shule, na pateni ya kola, ile karatasi ya umbo ninayoifuatisha kukata, ilikuwa imechanika. Karatasi ngumu zimeisha. Faili la Futi lilikuwa pembeni ya meza, na ndani yake kulikuwa na karatasi moja nzito, nzuri, inanitazama kwa upande wake mweupe. Nikaichukua. Nikachora kola upande wa juu, nikakata, nikaitoboa tundu, nikaitundika kwenye msumari wake. Ndipo nikageuza kile kipande kilichobaki nikitupe, nikakuta kina maandishi.

Yalianzia katikati ya sentensi, maana mkasi wangu ulikuwa umepita na mwanzo wake. Yalisema hivi: "...mwenzako hajui kwamba umeshapata mtu wa kulichukua duka lote. Usimwambie. Lengo lako ni akubali kutoka kwa hiari, na aondoke akiamini kwamba uamuzi ni wake. Ukishindwa hilo, hakikisha jina lako ndilo linalobaki kwenye mkataba wa pango. SIRI. Karatasi hii isionwe na upande wa pili."

Pembeni, kwa kalamu, kwa mwandiko wa mdogo wangu ambao ningeutambua hata gizani: "Dada mkubwa atakasirika kwanza. Asiharakishwe. Anyamaziwe."

Upande wa pili ni mimi. Niliketi kwenye kiti cha wateja, ambacho huwa sikikalii. Niliumia, na sina neno zuri zaidi la kulivika jambo hilo. Huyu nilimfunga kamba za viatu siku yake ya kwanza shuleni. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo ndiyo kazi yangu, nikashindwa kukiona.

Kile kipande nikakikunja mara nne nikakitia kwenye mkebe wa vifungo, chini kabisa.

Jioni akaanza kutafuta. "Dada, hujaona karatasi yangu moja, ngumu hivi?"

"Karatasi gani?"

"Ya chuo. Ilikuwa humu kwenye faili."

"Mimi na chuo wapi na wapi?"

Akapekua rafu zote, akainama chini ya cherehani, akaumwaga mfuko wa vipande sakafuni. Nikamtazama anavyohangaika, nikajiambia, mwizi huyo, anatafuta kisu chake. "Basi," akasema, "nitaomba nyingine." Kumbe wanagawiwa, nikawaza. Kumbe huko ndiko wanakofundishwa.

Mtasema, si ungemwuliza? Ukimwuliza mtu aliyesomea kujibu, atakujibu. Nitamwuliza asubuhi, mchana nitakuwa nimeshaomba radhi na kufungasha mkasi wangu mwenyewe. Hapana. Mkataba wetu ulikuwa unaisha mwisho wa mwezi ule, na karatasi yenyewe ilikuwa imeniambia la kufanya.

Mwenye jengo anakaa ghorofa ya tatu, katika chumba chenye feni moja na kabati la chuma. Muhuri wake anaufungia kwenye droo, na ufunguo wa droo ameufunga kwa kamba kwenye tundu la mkanda. Tunaelewana, maana naye hamwamini mtu.

"Nimekuja kuhuisha," nikamwambia. "Safari hii uandike jina moja. Langu."

Akavua miwani. "Na Futi?"

"Anasoma."

"Najua anasoma. Nauliza jina lake."

"Mwenye kusoma ana njia yake," nikasema. Sikusema uongo, mnaona. Nilichagua ukweli unaotosha.

Akazungusha kalamu mezani. "Mama, mimi mambo ya ndugu siyapendi. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime."

"Hatujagombana."

"Hilo ndilo baya zaidi," akasema. Lakini aliandika. Mimi ndiye huwa namletea pango kabla ya tarehe, na jambo hilo lina uzito kwake kuliko methali. Nikatia sahihi, akainama na kiuno chake akafungua droo, akagonga muhuri. Nilishuka ngazi nimeubana mkataba kwapani. Mkataba ukaingia mkebeni, ukalala pamoja na kile kipande.

Wiki ile nilikata kola mia mbili. Kila asubuhi nilitoa pateni msumarini, nikailaza juu ya kitambaa upande mweupe ukinitazama, nikafuatisha kwa chaki. Kola ile ni ya kukata kwenye kunjo, haina kushoto wala kulia, hakuna sababu ya kuigeuza. Mdogo wangu aliniletea chai saa nne kila siku. Nilikuwa naacha anywe kwanza ndipo ninywe. Naona haya kulisema hilo, lakini ndivyo nilivyofanya.

Akapita nyuma yangu mara moja akaniuliza, "Dada, uko sawa?"

"Kwa nini nisiwe sawa?"

"Umenyamaza siku hizi."

"Si ndiyo mtindo?" nikamjibu. Akacheka kidogo, asijue anachochekea.

Jumamosi akarudi kutoka chuoni saa kumi. Redio alikuwa ameshaondoka, nilikuwa nafagia. Akaingia anacheka peke yake, akatupa mkoba juu ya kiti.

"Dada, leo nimefeli," akasema. "Yaani nimefeli mbele ya darasa zima."

"Umefeli nini?"

"Zoezi. Huwa tunapewa mgogoro wa kubuni, watu wawili, kila mmoja na karatasi yake ya siri. Huruhusiwi kumwonyesha mwenzako. Walitupa hii wiki mbili tujiandae nayo. Mimi nilikuwa mtu mwenye duka na dada yake, namzunguka ili nimtoe. Dada mkubwa wangu alikuwa askari magereza mmoja mstaafu, ana sharubu hizi." Akanionyesha sharubu kwa vidole. "Tukaketi. Nikamtazama. Nikakukumbuka wewe siku ile tunakunja mashati, ulivyosema ungependa asitoke. Haikufika hata dakika ya tatu nikamwambia kila kitu. Mnunuzi yupo, nimechoka, nisaidie tufanyeje. Mhadhiri akasimamisha zoezi. Akasema katika miaka yote hajaona mtu akiitoa siri yake bure namna ile. Nikamwambia siwezi kumfanyia dada yangu hivyo, hata kwa kuigiza. Darasa lilicheka, mpaka yule askari akafuta machozi."

Nilikuwa bado nimeshika fagio. Nikaliegemeza ukutani, nikaenda msumarini, nikatoa ile kola, nikaigeuza. Miaka hii yote napima hata futi, na karatasi hiyo moja nilikuwa sijaigeuza. Ilikuwa imejaa vumbi la chaki, lakini ilisomeka. "Zoezi la Sita. Duka la Ndugu Wawili. Watu na mambo yote humu ni ya kubuni, kwa matumizi ya darasani. Maelekezo kwa upande wa kwanza: wewe na ndugu yako mna duka la pamoja, na..."

Futi akachungulia begani kwangu, akaangua kicheko. "Kumbe ni wewe. Na mimi nimeparura mfuko wa vipande kama kuku. Umeikata kola? Dada jamani." Akacheka tena, kisha akaona sicheki. "Na kipande kingine kiko wapi?"

Macho yangu yaliniponyoka, yakaenda kwenye mkebe wa vifungo, na yeye amesomea macho ya watu. Akaufungua. Akatia mkono hadi chini, vifungo vikamwagika vikakimbilia chini ya cherehani, akatoa karatasi mbili zilizokunjwa pamoja.

Ya kwanza aliijua. Ya pili aliisoma amesimama. Aliisoma yote, hata masharti ya maji na taka ambayo hakuna anayeyasoma. Alipofika kwenye jina alirudi juu akaanza tena.

"Ile ilikuwa zoezi, dada," akasema. "Hii ina muhuri."

Akanyamaza, na safari hii haukuwa ukimya wa chuo. Tofauti yake naijua. Ule wa chuo ulikuwa unakusubiri. Huu haukuwa unamsubiri mtu.

"Kwa hiyo uliona kwamba nitakutoa," akasema mwishoni.

Jibu langu lilikuwa tayari mdomoni, lile la siku zote. Sioni, nasema. Nikalimeza. "Niliona," nikasema. "Niliona kwamba utanitoa, nikakutoa kwanza."

Akavua futi shingoni, akaizungushia vidoleni vizuri kama anavyofanya tukifunga duka, akaiweka juu ya meza yangu. Miaka kumi na tisa hajawahi kuiweka juu ya meza yangu. Ndipo nilipoogopa kweli.

"Unataka nini?" nikamwuliza. "Hasa hasa. Niambie, nitafanya."

"Nilitaka uniulize," akasema. "Tumekunywa chai pamoja kila siku, dada. Ungeniuliza tu."

Akachukua mkoba wake akatoka. Jumapili hakupokea simu. Nilikaa nyumbani nikiitazama futi yake, niliyoibeba kwenye pochi sijui kwa nini, na nilikuwa na hakika kwamba harudi.

Jumatatu nilimkuta ameketi kwenye ngazi za jengo, anangoja. Hakunisalimu. Tukapanda ghorofa ya tatu, mwenye jengo akatutazama, mimi kisha yeye, akaanza kutafuta ufunguo kiunoni kabla hatujaomba. "Wakipatana, chukua kapu ukavune," akasema, lakini kwa sauti ya chini, kama mtu asiye na hakika na mavuno. Majina mawili, sahihi mbili, muhuri. Ule mkataba wa jina moja nikauchana mbele yao. Mdogo wangu aliichukua nakala yetu akasoma kila mstari kabla ya kutia sahihi. Zamani alikuwa anauliza tu, nitie wapi?

Basi hayo yalipita, na tupo. Alimaliza shahada yake. Joho nililikata mimi, na sikumruhusu Redio aguse hata upindo wake. Siku hizi anaitwa huku na huko, kwenye maofisi, kwenye vyama vya wapangaji. Mwezi uliopita mwenye jengo mwenyewe alimwita apatanishe ghorofa ya pili. Watu wanamsifu mbele yangu nami najivuna waziwazi. Na bado anapima viuno, na mama wakwe wanatoka wameshikwa mikono. Ni yuleyule, kama alivyosema.

Isipokuwa jambo moja. Nikimpa karatasi yoyote, hata orodha ya vipimo, hata risiti ya uzi, anaisoma, kisha anaigeuza kutazama nyuma. Sijui kama anajua kwamba anafanya hivyo. Siku ya mahafali nilimnunulia kadi ya hongera, nikaandika ndani kwa mkono wangu, mimi nisiyeandika kitu ila namba, kwamba hapajawahi kuwa na dada mwenye bahati kama mimi. Akaisoma. Machozi yakamlengalenga, akatabasamu. Kisha akaigeuza.

Nyuma palikuwa patupu. "Asante, dada," akaniambia, nami nikarudi mezani kwangu.